Kalamu Chini Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kumpa Mtoto wa Shule ya Msingi Mrejesho wa Kisa Alichokiandika

Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu hapa Kigoma niliwahi kumnyamazisha mtoto kwa kalamu nyekundu. Alikuwa binti wa darasa la tano, mkimya, dawati lake liko dirishani. Niliwapa insha ya safari, yeye akaandika walivyotoka Tabora kwa treni na mama yake. Walipofika Uvinza mama akashuka kununua kitu, treni ikaanza kuondoka, mama hajapanda. Ukurasa mmoja na nusu, nukta hakuna, maneno yamebanana kama abiria wenyewe. Usiku nikakaa nayo. Nikapiga mistari, nikazungushia maduara, nikahesabu makosa 41. Chini nikaandika: "Zingatia alama za uandishi. 7/20."

Wiki iliyofuata akanikabidhi sentensi sita. "Mimi ni mwanafunzi. Ninaishi Ujiji. Shule yetu ni nzuri. Tunapenda kusoma." Na nyingine mbili za namna hiyo. Hakukosea hata herufi moja. Nami mpaka leo sijui mama yake aliipandaje ile treni.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne hadi la saba, na pia wa mzazi anayeletewa daftari jioni asijue aseme nini. Ninachokifuata siku hizi ni kitu kimoja: mrejesho usiomfanya mtoto ashike tena penseli na kurudi kwenye kisa chake ni wino uliomwagika. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: anzia ubaoni

Insha nyingi mbovu huharibika kabla mtoto hajaandika neno. Ukiandika ubaoni "Siku nisiyoisahau", kisha ukarudi kukaa, utaletewa mswaki. Kila mwalimu anaujua mswaki huu: "Siku moja ya Jumamosi niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanawa uso, nikanywa chai." Darasa zima linapiga mswaki. Mwishoni wote wanaandika "na hadithi yangu imeishia hapo" na kupiga mstari kwa rula. Si kosa lao. Ndivyo walivyoona insha inavyoanza na kuisha, na mada pana inawapa nafasi ya kujificha humo.

Punguza mada mpaka mtoto akose pa kujificha. "Nilitumwa dukani nikapoteza chenji." "Kitu nilichokivunja nikanyamaza." "Tulimsubiri mtu, hakuja." Mada za namna hii hazina haja ya kuamka asubuhi.

Kisha wasimuliane kwanza. Kipindi kina dakika 40. Dakika 10 za mwanzo watoto wakae wawili wawili, mmoja asimulie, mwenzake asikilize na kuuliza. Utasikia darasa linachemka. Mkuu wa shule akipita akakunja uso, mwambie hiyo ni insha ya mdomo. Watoto wengi wa kwetu ni wasimuliaji wazuri mno mpaka pale wanaposhika penseli, na ukitembea kati ya madawati wakati huo utaokota mambo ambayo hutayakuta daftarini. Yaweke kichwani, yatakufaa baadaye unapouliza maswali.

Jambo la mwisho kabla hawajaanza: waandike wakiruka mstari mmoja. Wazazi hulalamika kwamba daftari linaisha haraka, na wana haki, lakini mtoto asiye na nafasi ya kuongeza neno hataongeza neno.

Nigusie na insha za ziara, maana zina ugonjwa wake. Tuliwahi kuwapeleka watoto kwenye makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, kisha tukawaambia waandike walichokiona. Karibu daftari zote zikaja na sentensi ileile: Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe. Ni kweli, imeandikwa hata kwenye vibao. Lakini mtoto mwenyewe hayumo. Huhitaji kuandika mengi chini ya insha kama hiyo. Mimi huandika: "Habari za Stanley ninazo. Wewe ulisimama wapi, na nani alikuwa pembeni yako?" Mmoja akarudi na jibu kwamba alisimama nyuma kabisa, kiatu kimekatika, akisikiliza bila kuona. Hapo ndipo insha yake ilipoanzia.

Hatua ya pili: piga hesabu ya madaftari

Mwalimu mwenzangu atasema, haya yote ni mazuri kwa darasa la watoto 20. Darasa langu lina watoto 84, kwa hiyo tuseme ukweli. Hutaweza kumjibu kila mtoto kwa kina kila wiki, na ukijaribu utaishia kuandika "Vizuri" mara 84.

Nimewagawa mafungu sita ya watoto 14. Kila wiki nayasoma kwa kina mafungu mawili, yaani daftari 28. Nikitumia dakika nne kwa kila daftari ni dakika 112, hazifiki saa mbili. Yale mengine manne nayapitisha macho tu, naweka alama ya vema na tarehe ili mtoto ajue nimeliona daftari lake. Kwa mpango huu kila mtoto anapata jibu la kweli kila baada ya wiki tatu, na anajua zamu yake ni lini. Wananikumbusha wenyewe.

Hatua ya tatu: soma mara ya kwanza mikono mitupu

Weka kalamu chini. Si mfano wa maneno, nasema iweke mezani mbali na mkono. Ukiwa nayo, jicho linaona "nikafulahi" na mkono unapiga mstari kabla hujajua mtoto alifurahia nini. Soma mpaka mwisho kama unavyomsikiliza mtu anayekupa habari njiani. Insha isiyo na nukta isome kwa sauti ya chini. Mara nyingi sauti yako yenyewe itaweka nukta pale mtoto alipozikusudia.

Ukimaliza jiulize: nikisimuliwa hiki na mtu mzima, ningeshtuka wapi? Ningemkatiza wapi nimuulize? Sehemu hizo mbili ndizo mrejesho wako. Weka nukta ndogo ya penseli pembeni mwa kila moja, basi. Usomaji wa pili, wenye kalamu, uje baada ya hapo.

Hatua ya nne: mjibu kama mtu aliyesimuliwa

Fikiria umemwambia jirani kwamba usiku umevamiwa na siafu, naye akajibu: "Sentensi zako ni ndefu." Ndivyo tunavyowafanyia watoto. Sentensi yako ya kwanza chini ya insha ijibu habari yenyewe.

"Vizuri sana", "Jitahidi", "Ongeza bidii", "Umejaribu" hazijibu chochote. Zingebandikwa chini ya insha yoyote na zisingejua ziko kwa nani. Jaribio langu ni hilohilo: nikiweza kuhamisha maoni yangu kwenye daftari la mtoto mwingine na bado yakafaa, nayafuta.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na visa vingi vya watoto wa mwaloni, kule ufukweni samaki wanakoshushwa, muhula ule vilihusu hilo. Binti mmoja aliandika ukurasa mzima wa mambo ya kawaida, katikati akachomeka sentensi hii: "Mama alikunja turubai la kuanikia dagaa akaliweka juu ya kabati, na mimi nikajua hatutanunua viatu." Ningeandika "Sentensi nzuri" angejuaje ni nzuri kwa nini? Niliandika: "Hujanieleza kwamba pesa zilikwisha. Umenionyesha turubai likipanda juu ya kabati, nami nikaelewa mwenyewe. Niambie na lile turubai liliposhushwa ilikuwaje." Sifa ya namna hiyo inataja kitu alichokifanya, ili akiweze tena kesho.

Pia andika kwa lugha ya mtoto. "Mtiririko wa matukio hauna mshikamano" ni maneno ya mkaguzi. Mtoto wa miaka 11 aandikiwe: "Hapa nilipotea njia."

Hatua ya tano: uliza swali moja, lenye jibu la macho au masikio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Insha ifuatayo nimeichanganya kutoka insha za watoto kadhaa ili mwenyewe asitambulike, lakini makosa na mambo yake ni ya kweli:

*Siku moja ya jumamosi niliamka asubuhi na mapema nikapiga mswaki nikanawa uso nikanywa chai. Baba akaniambia leo twende ziwani nikafulahi sana. tukaenda tukapanda mtumbwi tukafika katikati taa ikazimika nikaogopa sana baba akaniambia usilie. Tukarudi tukala ugali na dagaa. Nahadithi yangu imeishia hapo.*

Kwa mtazamo wa zamani, hapa kuna herufi ndogo palipotakiwa kubwa, "nikafulahi", "nahadithi", na sentensi isiyopumua. Lakini soma tena mikono ikiwa mitupu. Mtoto kanywa chai ya asubuhi, halafu taa imezimika. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, usiku wa giza lisilo na mbalamwezi. Usiku umeingia saa ngapi? Na mtoto yuko katikati ya ziwa, gizani, na kutoka humo ametupa maneno mawili tu: "nikaogopa sana." Kisa chote kimelala ndani ya maneno hayo mawili.

Swali baya la kuuliza hapo ni "Kwa nini uliogopa?" Atajibu "kwa sababu kulikuwa na giza", nawe utakuwa hujapata kitu. "Eleza zaidi" ni baya kuliko hilo. Mtoto hajui zaidi iko wapi, ataongeza "sana" ya pili. Swali linalofungua mlango linauliza jambo ambalo mwili wa mtoto ulilipokea: ulisikia nini, mkono wako ulishika nini, nani alizungumza na alisema maneno gani hasa, kilinuka nini, kitu gani kilikuwa cha mwisho kuonekana.

Niliandika hivi: "Taa ilipozimika nami nilishtuka. Kutoka kwenye chai mpaka hapo nilipotea kidogo, sikuona usiku ukiingia. Gizani ulisikia nini?"

Alikuja na daftari wakati wa mapumziko, akasimama pembeni ya meza.

"Mwalimu, nilisikia baba anahesabu."

"Anahesabu nini, dagaa?"

"Hapana. Anahesabu tu, moja, mbili, tatu. Ili nijue yuko upande gani."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia neno ambalo ninawaomba walimu wenzangu mlizoee: "Kaandike hivyohivyo ulivyoniambia." Usimwandikie wewe. Mkono unawasha, najua. Ukimwandikia sentensi nzuri, sentensi itakuwa yako na yeye atabaki mwandishi wa mswaki.

Kesho yake:

*Taa ikazimika. Sikuona hata mkono wangu. Maji yalikuwa yanagonga mtumbwi. Baba alikuwa anahesabu moja mbili tatu nne ili nijue yuko upande gani. Alipofika sitini na mbili taa ikawaka nikaona ameshika kamba. Sikulia lakini machozi yalikuwa karibu.*

Angalia nukta. Hakuna aliyemkumbusha. Alipokuwa na jambo la kusema pole pole, nukta zilikuja zenyewe. Sisemi itatokea hivyo kila mara, ila imetokea mara nyingi kiasi kwamba siku hizi sianzi tena na nukta. Mswaki, hata hivyo, ulibaki palepale mwanzoni. Nikauacha. Ningeugusa siku ile ningekuwa nimeuliza swali la pili.

Hatua ya sita: mfundishe wapi pa kupumzisha -ka-

Ukimaliza habari, nenda kwenye kitu kimoja cha ufundi. Kwa visa vya watoto, kitu hicho mara tisa kati ya kumi ni -ka-. Nikaamka, nikaenda, nikafika, nikakuta, nikarudi. Mtoto hajakosea sarufi: tukio la kwanza huanza na -li-, yanayofuata huchukua -ka-, ndivyo masimulizi ya Kiswahili yanavyotembea. -ka- ndiyo kasia la msimuliaji. Tatizo ni kwamba mtoto anapiga kasia kwa mwendo mmoja, anapita mahali pa ajabu kwa kasi ileile aliyopita nayo kwenye chai.

Zoezi langu ni hili. Mwambie apigie mstari kila -ka- katika insha yake; watoto hulifurahia, linafanana na kutafuta chawa. Kisha achague mahali pamoja tu ambapo angetaka msomaji asimame. Hapo atoe -ka- moja au mbili na aweke kitu kilichokuwa kinaendelea: "maji yalikuwa yanagonga", "baba akihesabu", "nikisikia kamba ikivutwa". -likuwa -na- na -ki- husimamisha mtumbwi. Mahali pamoja panatosha. Akiweka kila mahali kisa kitazama, nimeshaviona vya namna hiyo.

Mpangilio wa matukio nao una dawa ambayo watoto wameshaizoea. Mtihani wa kumaliza darasa la saba umezoea kuwa na sehemu ya utungaji inayompa mtoto sentensi zilizovurugwa azipange. Basi watoto wetu ni mafundi wa kupanga sentensi za watu wengine, na hakuna aliyewaambia kwamba za kwao nazo zinapangika. Mwambie azipe sentensi zake namba, kisha ajaribu kuanza na ile ya tano. Yule wa mtumbwi angeanza na "Taa ikazimika" na hakuna ambaye angeuliza habari za chai.

Hatua ya saba: tahajia, aina moja kwa wakati

Sijasema makosa yaachwe. Nasema yasitangulie, na yasije yote kwa pamoja. Chagua aina moja inayojirudia kwa mtoto huyo. Kama ni r na l (nikafulahi, kurara), basi kwa wiki hizi tatu ni r na l tu. Kama ni kuunganisha maneno (nahuyo, kwasababu, nahadithi), ni hayo tu. Kama ni h inayoingia isipoitwa na kutoroka inapohitajika (hasubuhi, ukumu), vivyo hivyo. Usimwandikie neno sahihi. Weka nukta ukingoni mwa mstari wenye kosa. Nukta mbili, makosa mawili. Atafute mwenyewe. Akishindwa, amuulize mwenzake, kisha wewe.

Kwa watoto ambao nyumbani wanazungumza Kiha naomba tuwe na adabu kidogo. Nimesikia mwalimu akimwambia mtoto mbele ya darasa, "Acha Kiha chako." Mkanganyiko wa r na l utaukuta kona nyingi za nchi hii, si mali ya Waha. Na katika kisa cha kweli, lugha ya nyumbani ina mahali pake. Mtoto akiandika kwamba bibi alifungua mlango akasema "Mwakeye", usiifute uweke "Habari za asubuhi". Yule bibi hakusema hivyo. Mfundishe mtoto aizungushie alama za kunukuu, na amwache anayejibu aonyeshe maana: "Nikamwitikia, nikamwambia nimelala salama." Msomaji wa Tanga ataelewa.

Hatua ya nane: dakika mbili za ana kwa ana

Maandishi ya mwalimu hayamfikii kila mtoto. Wengine wanasoma alama tu na kufunga daftari. Kwa hiyo wakati darasa linaandika, ita mmoja mmoja wa fungu la wiki hiyo. Dakika mbili kila mmoja. Mambo matatu nimejifunza kwa kukosea.

Penseli ishikwe na mtoto, si wewe. Mtoto asome kwa sauti yeye mwenyewe, maana masikio yake yatakamata mambo ambayo macho yaliyaruka, mara kwa mara atasimama katikati na kusema "aa, hapa nimesahau." Na ukiuliza swali, nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Watoto wetu wamezoea kwamba mwalimu akiuliza tayari ana jibu, wanasubiri alitoe.

Wanafunzi wenyewe wanaweza kupeana mrejesho, ila wape sentensi za kuanzia, la sivyo watachekana. Darasani kwangu ni mbili: "Nimesikia..." na "Nataka kujua...". "Nzuri" na "mbaya" ni marufuku.

Hatua ya tisa: aandike upya kipande, ndipo utoe alama

Usimwambie aandike insha nzima upya. Hiyo ni adhabu, na atainakili ileile kwa mwandiko mzuri zaidi. Anaandika upya kipande kile tu kilichoulizwa, sentensi tano hadi nane, kwenye ukurasa wa pili unaotazamana na wa kwanza ili aone vyote viwili.

Alama zije baada ya hapo. Ukiweka 9/20 pamoja na maoni mazuri, mtoto ataiona 9. Katika alama 20 mimi naweka 10 kwa kisa, yaani kama nimeona na kusikia, 5 kwa mpangilio, na 5 kwa lugha, hasa ile aina moja ya kosa tuliyokubaliana. Mwalimu wa taaluma akiuliza mbona mtoto mwenye "nikafulahi" amepata 15, namfungulia kurasa zote mbili asome. Bado hajanirudishia hata moja akilalamika.

Kisa kinapokuwa si insha tena

Siku moja utafungua daftari ukute mtoto ameandika anavyopigwa, au anavyoguswa na mtu mzima, au kwamba nyumbani hakuna aliyebaki. Hapo hatua zote za juu zinasimama. Usipigie mstari, usiulize "ulisikia nini", usiweke alama, na kwa vyovyote usiisome mbele ya darasa kama mfano wa insha ya kugusa moyo.

Andika kitu kifupi: "Nimesoma. Asante kwa kuniambia. Njoo tuzungumze." Mwite siku hiyohiyo, mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Msikilize, usimhoji kama polisi, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu utalazimika kumwambia mtu. Mjulishe mwalimu wa ushauri nasaha au mkuu wa shule, na jambo lifike kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Iandike ubaoni mwanzo wa muhula, isingoje siku ya shida. Daftari hilo lisilale kwenye lundo la ofisi ya walimu, ambako kila anayepita anafungua.

Misiba ya kawaida ni jambo jingine. Mtoto aliyefiwa na babu akaandika kuhusu babu, ana haki ya kujibiwa kama mwandishi. Mpe pole kwanza, kisha muulize babu alipenda kukaa wapi.

Kwa mzazi

Yako ni mafupi. Usiandike kwenye daftari la mtoto, usimtungie, usianze na mwandiko. Mwambie akusomee. Ukiwa unapika au unachambua mchele, vizuri zaidi. Mtoto huwa huru mtu asipomkodolea macho. Kisha mwambie ulichokiona kichwani na umuulize unachotaka kujua. Kama wewe hukusoma sana, hilo halikuzuii chochote, kwa sababu hapa anayehitajika ni msikilizaji, na pengine ulikuwepo jambo lilipotokea.

Yule kijana wa mtumbwi alimsomea mama yake mlangoni, mama akichambua dagaa. Aliniambia mama alisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa, kisha akauliza: "Mbona hujasema ulivyotapika?"

Asubuhi yake alifika shuleni kabla ya mwalimu wa zamu, daftari mkononi. Kwenye ule mstari ulioachwa wazi, kwa herufi ndogo zilizopinda, alikuwa ameongeza: "Kabla taa haijazimika nilitapika mara mbili na moja ikaangukia miguu ya baba." Nikafunua ukurasa wa nyuma kuangalia mwanzo. Karatasi ilikuwa imechubuka kwa ufutio, na mswaki haupo.